Mwiba wa Mpungate Mwilini: Namna ya Kuutoa na Namna ya Kuuepuka

Wakati wa kiangazi ndio wakati wa mwendo. Majani hukauka, njia hufunguka, wachungaji huipeleka mifugo mbali zaidi kutafuta malisho, akina mama hufuata kuni hadi vilimani, na shule zetu huwatoa wanafunzi madarasani ili wakayaone kwa macho yale waliyoyasoma vitabuni. Katika nyika hiyo iliyopauka, mpungate hubaki kijani. Huu ndio mmea wa jamii ya dungusi kakati wenye vipande bapa mfano wa viganja vilivyopandana, na mara nyingi huwa umebeba matunda mekundu yanayowavuta watoto, mbuzi na nyani kwa pamoja. Somo la toleo hili linahusu kinachofuata pale mkono unaponyooshwa kulichuma tunda hilo, au mguu unapoteleza na kukanyaga kipande kilicholala majanini.

Mtoto aliyechuma tunda la mpungate kwa mikono mitupu aghalabu hurudi nyumbani asionyeshe jeraha lolote. Hakuna damu wala mwiba unaoonekana. Jioni hulalamika kwamba vidole vinamwasha, usiku hujikuna, kesho yake ngozi imekuwa nyekundu, na kila anapogusa shati lake huruka kwa maumivu. Mzazi humtazama asione kitu, akadhani ni upele, au akadhani mtoto anadeka. Pengine humfuta kwa kitambaa kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo madhara huzidi, kwa kuwa kile asichokiona amekisukuma ndani zaidi.

Sababu ya kukosea huko ni kwamba wakazi wa nyika tumekulia kwenye miiba ya aina nyingine. Mgunga una mwiba mrefu, mgumu, mnyoofu, na uso wake ni laini. Huchoma kwa ghafla na mtu hupiga kelele palepale. Lakini ukishikwa kwa vidole viwili na kuvutwa, hutoka. Kikwata kina makucha kama ya paka yanayokamata nguo, nacho hujulisha mapema kwamba kimekukamata. Ujuzi wa miiba hiyo ni ujuzi wa kweli, tuliurithi kwa wazee, na kila mchungaji anao. Tatizo ni kwamba haufai mbele ya mpungate, mmea ambao asili yake si hapa. Mimea yote ya jamii hii, isipokuwa mmoja mdogo usio na miiba mikali unaoota juu ya miti, asili yake ni bara la Amerika. Ilivuka bahari kwa mikono ya watu baada ya Wahispania kufika huko mwishoni mwa karne ya 15, na ikasambaa duniani kama ua la boma, kama lishe ya mifugo na kama pambo la bustani.

Miiba ya aina mbili katika kidoa kimoja

Tukitazama kipande cha mpungate kwa makini, bila kukigusa, tutaona kimejaa vidoa vidogo vilivyopangwa kwa mistari ya mshazari. Kila kidoa ni kama jicho la mmea: hapo ndipo huchipuka ua, hapo huchipuka kipande kipya, na hapo huota miiba. Kile tunachokiita jani la mpungate, kwa kweli, ni shina. Majani yenyewe ndiyo yaliyogeuka kuwa miiba.

Katika kidoa hicho mna miiba ya aina mbili. Kuna miiba mirefu, michache, yenye urefu wa sentimita kadhaa, inayoonekana na kila mtu. Chini yake, mfano wa kishungi cha manyoya ya rangi ya kahawia au manjano, kuna vijiba. Neno hili kijiba ni lile lile tunalolitumia tunaposema mtu ana kijiba cha roho, na mfano huo umepatikana vizuri: ni kitu kidogo kisichoonekana ambacho hakimwachi mtu kupumzika. Kila kijiba kina urefu wa milimita chache tu na ni chembamba kama unywele. Katika kidoa kimoja vinaweza kuwamo makumi kwa makumi, navyo hung'oka kwa mguso mwepesi sana, hata kwa upepo mkali mtu anapokata mmea mkavu. Mwenye kuchuma tunda moja huondoka na vijiba vingi kuliko anavyoweza kuvihesabu, kwani tunda nalo limevaa vidoa hivyo hivyo.

Kibaya zaidi, uso wa kijiba si laini. Ukitazamwa kwa hadubini huonekana umefunikwa na magamba yaliyoelekea nyuma, mfano wa kile kipembe cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke. Kuingia ni rahisi, kutoka ni vita. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya kuchoma nyama na vitu vingine kwa miiba ya dungusi za namna mbalimbali. Waliona kwamba miiba yenye magamba hupenya kwa nguvu ndogo kuliko ile laini, na hushika kwa nguvu kubwa zaidi. Mwiba mmoja wa aina iitwayo cholla uliweza kuinua kipande cha nyama chenye uzito wa kama robo kilo. Mwiba mmoja tu. Anayetaka kujua kwa nini mtoto wake analia na hakuna kinachoonekana, jibu liko hapo.

Jambo la kututuliza ni kwamba miiba ya mpungate haina sumu. Maumivu yake yanatokana na kuchoma, na baadaye na mwili kupambana na kitu kigeni kilichobaki ndani ya ngozi. Kisipotolewa, mwili hukizungushia uvimbe mdogo mgumu unaoweza kudumu wiki nyingi au hata miezi. Katika nchi za Bahari ya Mediterania, ambako mpungate hulimwa kwa ajili ya matunda, wachumaji hupatwa na ugonjwa wa ngozi unaofanana mno na upele wa kuambukiza, na chanzo chake ni vijiba hivi. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto zahanati kwa sababu ya kuwashwa vidole amweleze mhudumu kama mtoto alikuwa machungani au kilimani. Maelezo hayo mafupi yatamwepusha kupewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Namna ya kuitoa

Hatua ya kwanza ni kutofanya yale ambayo mkono hutaka kuyafanya wenyewe. Usisugue. Usifute kwa kanga wala kwa shati. Usikune. Usinyonye kidole kwa mdomo, kwa maana vijiba vitahamia kwenye midomo na ulimi, mahali ambapo kuvitoa ni kazi kubwa mara kumi. Nguo iliyoguswa na mmea ivuliwe taratibu kwa kuikunja upande wa nje uwe ndani, na isivaliwe tena kabla ya kukaguliwa. Wengi huondoa vijiba mikononi, kisha wakavirudisha kwa suruali ile ile.

Ikiwa kipande kizima cha mmea kimenasa kwenye mguu au mkono, usikivute kwa mkono wa pili. Tumia kitana chenye meno mapana, au vijiti viwili, ukipenyeze kati ya ngozi na kipande, kisha ukiinue kwa mkupuo mmoja kuelekea mahali ambapo hakuna mtu. Kitana cha shilingi chache katika mkoba wa safari kina thamani kuliko maneno mengi ya ushauri.

Baada ya hapo tafuta mwanga. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaofaa, wa jua la jioni au wa tochi iliyolazwa karibu na ngozi, kwa sababu vijiba hutoa vivuli vidogo na kuonekana. Nawa mikono kwa sabuni. Anza na miiba mirefu, ukiitoa mmoja mmoja kwa kikoleo kidogo, kile kibanio kinachotumika kung'olea nyusi. Shika mwiba karibu kabisa na ngozi, kisha uvute polepole, bila kuupinda, kwa mwelekeo ule ule ulioingilia. Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia, na hapa msemo huo ni maelekezo ya kitabibu kabisa: ukivutwa kwa upande mwingine hukatika, na kipande kilichobaki ndani ndicho kitakachotunga usaha.

Vijiba ndivyo vinavyohitaji subira. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walizilinganisha njia kadhaa za kuvitoa, wakitumia sungura waliochomwa vijiba vya mpungate. Njia moja iliyofaa kuliko nyingine zote ilikuwa kikoleo kilichotumika kwa kurudia-rudia, ambacho kilitoa robo tatu hivi ya vijiba vyote. Ya pili ilikuwa gundi nyeupe ya kawaida iliyopakwa kwa utando mwembamba na kufunikwa kwa gozi. Gundi ilipokauka, gozi lilibanduliwa na vijiba vikatoka navyo. Njia hizo mbili zilipofuatana, kikoleo kwanza na gundi baadaye, karibu vijiba vyote vilitoka. Utepe wa kunata, ambao ndio wengi huukimbilia, ulitoa sehemu ndogo tu.

Njia ya gundi inawezekana katika nyumba yoyote ya kata yetu. Gundi inayotakiwa ni ile nyeupe ya maji inayotumiwa na watoto shuleni kubandikia karatasi. Paka utando mwembamba, laza juu yake kipande cha gozi au kitambaa chepesi kilicho safi, ukikandamize kidogo tu, kisha subiri ikauke kabisa. Nusu saa kwa kawaida hutosha, na wakati wa baridi huchukua zaidi. Bandua kuanzia ukingo mmoja. Rudia ikibidi. Gundi kali ya kubandikia viatu, au ile inayogandisha vidole papo hapo, isitumike kamwe. Hiyo huunguza ngozi na kuvifungia vijiba ndani. Hata gundi nyeupe isipakwe karibu na macho, mdomoni wala juu ya kidonda kilicho wazi. Na ukiwa njiani huna gundi wala kikoleo, utepe au plasta si haramu: ubandike bila kuukandamiza kwa nguvu, uubandue, na kazi iliyobaki uifanye nyumbani.

Kisha osha mahali hapo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kijiba kilichozama kabisa na kisicholeta maumivu makali ni bora kuachwa kuliko kuchokonolewa. Vingi husukumwa nje na ngozi yenyewe. Wembe usiguse. Nazungumza hivi kwa sababu desturi ya kupasua kidogo ili mwiba utoke bado ina wafuasi, na vidonda vinavyoletwa na wembe huwa vibaya kuliko mwiba wenyewe. Vivyo hivyo kupaka samadi, majivu, mafuta ya taa au unga wa betri. Samadi hasa ni hatari, kwa kuwa vimelea vya pepopunda huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, nao hupenda tundu dogo lenye kina lisiloingiza hewa, ambalo ndilo hasa tundu la mwiba.

Kuhusu pepopunda, kadi ya kliniki ya mtoto iangaliwe. Chanjo ya kuzuia ugonjwa huo imo katika chanjo anazopewa mtoto akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima aliyechomwa na mwiba mchafu, naye hakumbuki mara ya mwisho alipochanjwa au ni zaidi ya miaka 5 iliyopita, afike zahanati siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama mwiba umetoka wote.

Mahali pasipo pa kujaribu

Yote yaliyotangulia yanahusu ngozi ya mikono, miguu na kiwiliwili. Jicho ni habari nyingine. Mwiba au kijiba kikiingia jichoni, usikivute, usisugue, na usiruhusu mtu yeyote akipepee au akilambe. Kama kuna mwiba unaoonekana umesimama, funika jicho kwa kikombe cha karatasi kilichokatwa au kitu kingine chenye shimo kisichogusa jicho, kifungwe kwa kitambaa, na mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Matone ya macho yaliyobaki nyumbani kutoka kwa ugonjwa mwingine yasitumike. Jicho lililochomwa na sehemu ya mmea linaweza kuota fangasi ndani ya kioo chake, na baadhi ya matone yanayouzwa kiholela huipa fangasi hiyo nguvu. Siku tatu za kusubiri zinaweza kugharimu uwezo wa kuona.

Kiungo nacho, hasa goti, kifundo cha mguu na vifundo vya vidole, hakitaki mchezo. Mwiba ukizama ndani ya kiungo huweza kuacha kipande kinachokivimbisha mara kwa mara kwa muda mrefu, mtu akadhani ni baridi yabisi. Miiba ya mimea kwa kawaida haionekani katika picha ya eksirei. Huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha altrasaundi, na hiyo ndiyo sababu zahanati inaweza kumpa mgonjwa rufaa ingawa jeraha lake ni dogo kwa kulitazama. Asikatae rufaa hiyo kwa kudhani anasumbuliwa bure.

Waende kituoni pia wale ambao mahali pa mwiba pamevimba na kuwa pa moto, wekundu unatambaa, usaha unatoka au homa imepanda. Wenye ugonjwa wa kisukari waliochomwa miguuni, hata kama hawasikii maumivu. Na mtoto aliyekula tunda lisilosafishwa naye anashindwa kumeza.

Hapa inafaa kutenganisha mimea miwili inayochanganywa. Mnyaa, ule wa maboma wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, na ile miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa inayoota mawemaweni, watu wengi huiita dungusi. Si jamii moja. Hii ni ya kwetu kwa asili. Hata Ziwa Manyara, kama inavyoelezwa, limepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai la mmea huo wa maboma. Kuitofautisha ni rahisi: ikijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ilhali mpungate hutoa ute usio na rangi. Utomvu huo mweupe ndio wenye sumu. Ukirukia jichoni huunguza na kutia giza. Dawa yake ya kwanza ni maji safi mengi, jicho likiwa wazi, kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali bila kukawia. Basi, kwa mpungate tunatafuta kikoleo. Kwa mnyaa tunatafuta maji.

Kabla ya safari

Walimu wanaoandaa ziara za masomo hawahitaji vifaa vya gharama. Kitana, vikoleo viwili, chupa ya gundi nyeupe, gozi, sabuni, tochi na lita kadhaa za maji zaidi ya yale ya kunywa vinaingia katika mfuko mmoja. Viatu vya kufunika vidole ni vya lazima. Ndala hupenywa na mwiba mrefu kama karatasi. Lililo kubwa kuliko yote ni kuwaonyesha wanafunzi mmea wenyewe kabla ya kuwaachia watawanyike, na kuwaambia kwamba tunda halichumwi kwa mkono. Waambiwe pia kwamba atakayechomwa aseme mara moja na hatakaripiwa. Tunao msemo kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kwa mtoto wa darasa la tatu msemo huo haufai hata kidogo: akiogopa kukemewa ataficha mkono mfukoni, na vijiba vitalala humo hadi asubuhi.

Tunda lenyewe ni chakula kizuri, na hakuna haja ya kulipiga marufuku. Katika Tigray, kaskazini ya Ethiopia, mpungate ni chakula cha watu na mifugo msimu mzima. Watu wa huko huchuma kwa kifaa, si kwa vidole. Kwetu koleo la mkaa linatosha. Tunda livingirishwe kwenye mchanga au majani makavu, au libabuliwe juu ya moto hadi vijiba vyote viungue, lioshwe, kisha limenywe kwa kisu likiwa limechomwa uma. Mchumaji asimame upande upepo unakotoka.

Mifugo haina kikoleo. Mbuzi na ng'ombe waliokosa majani huula mpungate na matunda yake, na vijiba hujaa midomoni, kwenye ulimi na machoni, hata mnyama akashindwa kula huku anaonekana hana ugonjwa. Mfugaji anayemwona mnyama anadondosha udenda, anakataa malisho na amevimba midomo amwite afisa mifugo wa kata. Anayelazimika kulisha mpungate wakati wa ukame avibabue vipande kwanza juu ya moto mpaka miiba yote iishe.

Ua lililoruka boma

Limebaki suala la mmea wenyewe kuenea, na ndilo linaloamua kama watoto wa miaka kumi ijayo watachomwa zaidi au kidogo. Mpungate hupandwa kwa hesabu nzuri: ni ua lisilohitaji maji, halipitiki, na halina gharama. Lakini kila kipande kinachoanguka chini huota mizizi, na kila tunda linaloliwa na nyani, ndege au tembo hupanda mbegu mahali ambapo hakuna boma. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wanaujua mwisho wa hesabu hiyo. Aina moja ya mpungate iliyoanza kwao kama ua na pambo imefunika maeneo makubwa ya malisho, na wafugaji wa huko wamepoteza nyasi, njia na mifugo. Huko Australia, mapema katika karne iliyopita, mpungate ulitwaa hekta zipatazo milioni 24 za ardhi, hadi familia zikahama mashamba. Waliokolewa na nondo mdogo aliyeletwa kutoka Argentina miaka ya 1920, ambaye viwavi wake hula mpungate kutoka ndani.

Laikipia nao wametumia mdudu, wa jamii ya kochinili, anayefyonza maji ya mmea na kuonekana juu yake kama pamba nyeupe. Mkazi akisikia habari hizo asije akamleta mdudu huyo mwenyewe kutoka safarini. Kisiwa cha Madagaska, katika miaka ya 1920, kililetewa mdudu wa namna hiyo. Mpungate uliokuwa lishe na maji ya mifugo ya kusini ukateketea kwa muda mfupi, na njaa kali ikafuata. Uamuzi wa namna hiyo ni wa wataalamu na mamlaka za serikali baada ya uchunguzi.

Lililo mikononi mwetu ni ua na kichaka kidogo. Kukata kwa panga na kuacha vipande vimetawanyika ni sawa na kupanda shamba. Mmea mdogo ung'olewe pamoja na mizizi yake, na vipande vikusanywe kwa koleo au uma wa shamba, vikiwekwa kwenye kiroba kigumu au toroli, si kichwani wala mgongoni. Anayekata avae glavu nene za ngozi, mikono mirefu, viatu vya kufunika na miwani ya kukinga macho. Glavu za kitambaa ni mtego, kwani hunasa vijiba na kuvihifadhi kwa ajili ya siku nyingine. Vipande vifukiwe katika shimo lenye kina ambacho mbwa na nguruwe pori hawatakifukua, au vikaushwe juu ya mawe au turubai mpaka vife kabisa ndipo vichomwe, baada ya kumwarifu mtendaji wa kijiji, kwa kuwa moto wa kiangazi hauna mwenyewe. Vipande visitupwe korongoni. Maji ya mvua yatavibeba hadi kwa jirani wa chini, na huko vitaota.

Kichaka kilichozidi nguvu za kaya moja, au kilichoota kando ya njia ya wanafunzi, kisima au josho, kipelekwe katika mkutano wa kitongoji na kuandikwa kwa afisa ugani wa kata, pamoja na kutaja mahali kilipo na ukubwa wake kwa hatua za miguu. Nako mahali palipong'olewa pakaguliwe tena wiki chache baada ya mvua za kwanza. Chipukizi la mpungate wakati huo huwa na ukubwa wa kidole gumba, laini, na miiba yake bado haijakomaa. Hung'oka kwa koleo lile lile la mkaa.